Maswali ya Wasomaji: Kampuni changa za ujenzi wenye kaboni kidogo zitafute msaada wa aina gani?

Barua tatu zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinagusa jambo moja kutoka pande tofauti, ndiyo maana nimeamua kuzijibu pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu zaidi, kwa kuwa aliyeiandika ana siku chache tu za kuamua.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi na mwenzangu, ambaye ni mkemia, tumetengeneza saruji inayotumia udongo mfinyanzi uliochomwa badala ya sehemu kubwa ya klinka, yaani madonge ya chokaa na udongo yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji. Vipande vyetu vya majaribio vimefaulu katika maabara ya chuo, na sasa programu mbili za kulea kampuni changa zimetukubali. Ya kwanza ni ya miezi mitatu. Inatupa fedha taslimu na kuchukua asilimia 7 ya hisa zetu. Ya pili ni ya mwaka mmoja na nusu. Haitupi fedha mkononi, ila inalipia vipimo vya maabara na kututafutia jengo la kufanyia majaribio. Akiba yetu inakaribia kwisha, na mwenzangu anaitaka ya kwanza. Unatushauri nini?

Jibu: Nawashauri mchague ya pili, na wala si kwa sababu naidharau hofu ya mwenzako.

Mtindo wa programu ya miezi mitatu ulishamiri kwa ajili ya kampuni za programu za kompyuta, ambako kosa lililogunduliwa asubuhi linaweza kurekebishwa kabla ya jua kuzama na wateja wote wakapata toleo jipya kesho yake. Zege halina njia hiyo. Nguvu yake ya kuhimili mgandamizo hupimwa kwa kawaida siku ya 28 baada ya kumwagwa, kwa hiyo mkirekebisha mchanganyiko wenu mara tatu tu, miezi yote mitatu imeshakwisha, na hapo bado hamjagusa swali la uimara wa muda mrefu. Kipimo cha jinsi saruji inavyostahimili salfeti, yaani chumvi za ardhini na majini zinazolila zege, husomwa baada ya miezi sita na mara nyingi baada ya mwaka. Tena kuna jambo linaloihusu saruji ya aina yenu hasa: zege lenye klinka kidogo huwa na akiba ndogo ya alkali, na alkali hiyo ndiyo inayoikinga nondo dhidi ya kutu pindi hewa ya ukaa inapopenya ndani. Mhandisi yeyote makini atawauliza kuhusu jambo hilo siku ya kwanza, na jibu pekee atakalolikubali ni takwimu za vipimo.

Nataka pia mfahamu thamani yenu ilipo. Saruji hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayozalishwa na shughuli za binadamu duniani, na kiasi cha asilimia 60 ya hewa hiyo hakitoki kwenye mafuta ya tanuri bali hutoka ndani ya jiwe la chokaa lenyewe linapochomwa katika tanuri linalofikia joto la nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi. Ndiyo maana kubadilisha mafuta peke yake hakutoshi, na ndiyo maana udongo mfinyanzi, unaochomwa kwa nyuzi 700 hadi 850 tu na usiobeba kaboni ya aina hiyo, umevutia watafiti wengi. Lakini mchanganyiko wake hauko sirini. Watafiti wa chuo cha EPFL cha Uswisi, wakishirikiana na wenzao wa Kuba na India na wakifadhiliwa na shirika la maendeleo la serikali ya Uswisi, wameuendeleza na kuutangaza kwa jina la LC3: klinka asilimia 50, udongo uliochomwa 30, chokaa isiyochomwa 15 na jasi 5, kukiwa na upungufu wa hewa ya ukaa unaofikia asilimia 40 ukilinganishwa na saruji ya kawaida. Kama mnayo mbinu yenu ya kuchoma au ya kusaga, ikatieni hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, mapema kabla ya kuieleza hadharani. Zaidi ya hapo, mali yenu kubwa itakuwa rundo la vipimo vinavyoonyesha kwamba udongo wa machimbo fulani, ukichomwa kwa namna yenu, unatoa zege lisilobadilika kutoka shehena moja hadi nyingine. Programu ya pili inawapa mali hiyo bila kuwagharimu hisa.

Msaada wa namna hii si jambo geni. Nchini Marekani, programu ya IN2, iliyoanzishwa mwaka 2014 na benki ya Wells Fargo pamoja na maabara ya taifa ya nishati jadidifu, imekuwa ikizipa kampuni changa msaada wa hadi dola 250,000, na sehemu kubwa ya msaada huo ni kazi ya wataalamu na vifaa vya maabara. Shindano la XPRIZE la kaboni, la kugeuza hewa ya ukaa kuwa bidhaa, lililotangazwa mwaka 2015 lilipata washindi wake mwaka 2021, nao ni CarbonCure na CarbonBuilt, kampuni mbili za zege zilizopata dola milioni 7.5 kila moja; hatua ya mwisho ilifanyika katika vituo vilivyounganishwa na mitambo halisi ya kuzalisha umeme, mahali ambapo moshi ulikuwa moshi wa kweli. Tazameni urefu wa muda huo, miaka sita, kisha mwonyesheni mwenzako.

Kabla ya kutia saini, someni vifungu viwili kwa makini kuliko vingine vyote. Kimoja ni kinachosema matokeo ya vipimo ni ya nani. Ikiwa maabara inabaki na haki ya kuyatumia, isiwe na haki ya kuyatoa kwa mshindani wenu, nanyi mpewe ripoti yenye muhuri ambayo mnaweza kumkabidhi mhandisi yeyote. Kingine ni kile cha haki ya kipekee, yaani kinachowafunga kufanya kazi na kampuni moja tu, hasa kama nyuma ya programu kuna kiwanda kikubwa cha saruji. Sisemi muviepuke viwanda hivyo, kwani ndivyo vyenye tanuri, malori na wateja, na vyenyewe vimefungua milango: Cemex Ventures, tawi la uwekezaji la kampuni ya saruji ya Cemex, ipo tangu mwaka 2017, na chama cha kimataifa cha wazalishaji wa saruji na zege kilianza mwaka 2021 shindano liitwalo Innovandi Open Challenge, linaloziunganisha kampuni changa na makundi ya wazalishaji. Ninachosema ni kwamba haki ya kipekee ikiombwa, iwekewe mipaka ya eneo na ya miezi, na iishe yenyewe endapo kiwanda hakitanunua chochote.

Kuhusu akiba inayokwisha, iombeni programu ya pili iwape posho ndogo, kwa sababu fungu la vipimo mara nyingi huwa na nafasi ya mishahara ya wanaovisimamia. Ikikataa, mmoja wenu abaki na ajira yake kwa miezi kadhaa, au mtafute mkopo unaogeuka kuwa hisa baadaye, ambao unawaruhusu kuahirisha mjadala wa thamani ya kampuni hadi mtakapokuwa na matokeo mkononi. Asilimia 7 mnayoitoa leo mnaitoa kwa bei ya kampuni isiyo na kipimo hata kimoja cha mwaka mzima.

Swali: Maombi yetu ya ruzuku yamekataliwa mara mbili. Mara ya kwanza tuliambiwa kwamba teknolojia yetu haijafikia ngazi ya ukomavu inayotakiwa, na mara ya pili kwamba madai yetu kuhusu kaboni hayathibitiki. Tunatengeneza mbao za kuzuia joto kutokana na mabaki ya mazao. Tufanye nini?

Jibu: Ngazi za ukomavu wa teknolojia zilibuniwa na shirika la anga la Marekani, NASA, katika miaka ya 1970, na leo zimekuwa tisa: ya kwanza ni kanuni iliyo kwenye karatasi, ya tisa ni kitu kinachofanya kazi katika mazingira yake halisi. Kila mfadhili ana ngazi anazozihudumia. Baraza la Ubunifu la Ulaya, kwa mfano, lililozinduliwa mwaka 2021, hutoa kupitia programu yake ya kuharakisha kampuni ruzuku ya hadi yuro milioni 2.5, lakini kwa bidhaa zilizokwisha kuonyeshwa kwamba zinafanya kazi nje ya maabara. Ukimwomba fedha mfadhili wa ngazi ya sita ukiwa katika ya nne, hutapata hata kama wazo lako ni bora kuliko yote. Kwa hiyo andikeni kwa uaminifu mlipofikia, na mtafute fedha za utafiti ambazo zinakubali ngazi za chini, kama zile zinazotolewa kwa kampuni na chuo vikiomba pamoja.

Dai la kaboni ni suala gumu zaidi, na hapa nitawasema kidogo kwa nia njema. Nimesoma maombi mengi yanayosema bidhaa “haina kaboni kabisa”, na kila nikisoma sentensi hiyo najua mwandishi hajafanya hesabu. Mabaki ya mazao hukusanywa kwa magari, hukaushwa kwa nishati, hugandishwa kwa gundi, na gundi hiyo ndiyo mara nyingi inayobeba mzigo mkubwa kuliko nyasi zenyewe. Tathmini ya mzunguko wa maisha, yaani hesabu ya athari za bidhaa tangu malighafi hadi inapotupwa, hufanywa kwa kufuata viwango vya ISO 14040 na ISO 14044, na tamko la mazingira la bidhaa ya ujenzi barani Ulaya hufuata EN 15804. Tathmini kamili ni ghali kwa kampuni changa, ila hesabu ya awali inayofuata utaratibu huohuo, yenye namba zenu halisi za umeme, mafuta na gundi, mnaweza kuifanya wenyewe kwa msaada wa mwanafunzi wa uzamili.

Zingatieni kipimo cha kulinganisha. Kilo moja ya mbao zenu dhidi ya kilo moja ya sponji ya plastiki haimwambii mjenzi chochote, kwa kuwa bidhaa hizo mbili hazizuii joto kwa kiwango sawa. Linganisheni mita moja ya mraba ya ukuta unaozuia joto kwa kiasi kilekile, kwa miaka ileile. Huenda unene wa mbao zenu ukaongezeka na faida ikapungua, lakini namba itakayobaki itakuwa na nguvu mbele ya jopo. Na kaboni iliyohifadhiwa ndani ya mabaki hayo iandikeni peke yake, pamoja na maelezo ya yatakayotokea mbao zikishatolewa ukutani, badala ya kuitoa kimyakimya kwenye jumla.

Swali: Mimi ni afisa katika mamlaka ya umma inayojenga majengo yake yenyewe. Tumetengewa fungu dogo la kuzisaidia kampuni changa za ujenzi usiochafua hewa. Wenzangu wanapendekeza kituo atamizi, yaani cha kulea kampuni changa, chenye ofisi na mafunzo ya biashara. Je, ndiyo njia bora?

Jibu: Hapana, kwa maoni yangu. Ofisi na mafunzo vinapatikana kwingine. Mamlaka inayojenga ina kitu ambacho kituo atamizi hakina, yaani jengo, na kampuni nyingi za aina hii zimekwama kwa kukosa mtu wa kwanza kununua. Mkandarasi hataki kuwa wa kwanza kwa sababu hasara ni yake, msanifu anahofia bima yake, na mzabuni mwenye bidhaa mpya hutupwa nje na sharti linalodai aina fulani ya saruji kwa jina.

Anzeni na sharti hilo. Tangu mwaka 1992 kuna kiwango cha Marekani, ASTM C1157, kinachoipima saruji kwa utendaji wake bila kuwekea mipaka viungo vyake. Zabuni zenu zinaweza kuandikwa kwa moyo huo: nguvu kadhaa, uimara kadhaa, na kaboni isiyozidi kiasi fulani. Denmark iliweka tangu mwaka 2023 kikomo cha kilo 12 za hewa ya ukaa kwa kila mita ya mraba kwa mwaka kwa majengo mapya yanayozidi mita za mraba 1,000, kisha ikakikaza mwaka 2025. Kikomo cha namna hiyo huwaletea wabunifu wateja wasiohitaji kubembelezwa.

Fungu lenu litumieni kulipia tofauti ya bei, vipimo vya ziada na bima ya sehemu itakayojengwa kwa bidhaa mpya, na mlitenge lote kabla ya kutangaza. Mwezi wa Machi 2024, serikali ya Marekani ilitangaza ruzuku ya hadi dola milioni 87 kwa kampuni ya Sublime Systems na hadi milioni 189 kwa Brimstone, zote zikiwa na njia mpya za kutengeneza saruji. Mei 2025 zote mbili zilifutwa. Kampuni inayopanga kiwanda kwa kutegemea ahadi kubwa huumia zaidi kuliko ile iliyopewa oda ndogo iliyokwisha kulipiwa.

Msianze na nguzo wala mihimili. Chagueni njia ya waenda kwa miguu au sakafu ya ghala, mahali ambapo ufa hauwezi kumdhuru mtu, mweke ndani yake vifaa vya kupimia unyevu na joto, na mkubaliane tangu mwanzo kwamba matokeo yatachapishwa hata yakiwa mabaya. Mwaka mmoja baadaye mhandisi wenu atakuwa na takwimu za mahali penu wenyewe siku atakapoombwa kuidhinisha ghorofa ya kwanza.