Theluthi mbili ya nani? Kwa wanahabari wapya wa bungeni

Juzi nilimsikia kijana wetu mmoja hewani: "Rais ameukataa mswada, kwa hivyo umekufa." Nikaweka kikombe chini. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mtanizeesha kabla ya siku zangu.

1. Mswada ukirudishwa haujafa. Rais ana siku 14 tangu aupokee, si tangu Bunge liupitishe: atie saini, au aurudishe na memoranda, yaani waraka wenye sababu zake. Akinyamaza, unahesabika umetiwa saini. Hata ule Mswada wa Fedha wa Juni 2024 ulirudishwa tu, ila memoranda ilitaka kila kifungu kifutwe. Someni Kifungu cha 115 cha Katiba ya Kenya. Ni kifupi kuliko meseji zenu za kuomba ruhusa.

2. Hesabu. Bunge likitaka kuupitisha tena mswada bila kuyakubali yote ya Rais, linahitaji theluthi mbili. Hapa ndipo nilipoungua. Novemba 2019, Mswada wa Fedha umerudi, Rais Uhuru Kenyatta anataka kikomo cha riba za mikopo ya benki kiondolewe. Niko roshani ya wanahabari, nahesabu vichwa vilivyoketi chini. Nikapiga theluthi mbili ya vichwa hivyo, nikaona wanaompinga Rais wanatosha na kubaki. Kabla kengele ya kuwaita wabunge haijalia nikamtumia mhariri: wabunge wamtunishia Rais misuli, kikomo chabaki. Ikasomwa hewani.

Kumbe theluthi mbili ni ya wabunge wote 349, awe ukumbini, awe kantini, awe matangani kwao. Inatoka 232 na kipande, na kwa kuwa mbunge hakatwi vipande, ni 233. Kengele ikalia wee, 233 haikutimia. Kikomo kikaenda. Mhariri alipiga simu, wala hakufoka. "Ndugu yangu, akidi ni wangapi?" Nikasema 50, yaani wabunge wachache kabisa wanaotosha kuendesha kikao. "Na hao wengine, uliwapigia kura wewe?" Nilisoma masahihisho mwenyewe, koo limekauka, na mwezi mzima askari wa lango alikuwa akinisalimu "Mheshimiwa Theluthi".

Basi shikeni hili: mbunge anayekunywa chai saa hiyo amempigia Rais kura. Wengi hawataki kumpinga Rais mchana kweupe, wala hawataki kumuudhi mpiga kura. Chai haina Hansadi, ile kumbukumbu rasmi ya Bunge. Msikodoe macho ukumbini tu, chunguzeni pia nani hayupo.

3. Kuyakubali mapendekezo ya Rais yote hakuhitaji 233. Wingi wa kawaida unatosha. Kumpinga Rais, Seneti nayo, mswada ukiihusu, haihesabu vichwa bali ujumbe wa kaunti, kila kaunti kura moja: 32 kati ya 47.

4. Bunge likimshinda Rais, Spika ana siku 7 za kuurudisha mswada Ikulu, na Rais siku 7 za kutia saini. Zikiisha, unakuwa umeidhinishwa hata kalamu yake isipougusa.

Na wewe kijana wa juzi, unajijua. Kesho njoo na kikokotoo. Chai nitanunua mimi, kura ikishapigwa.