Kijana mnene mwenye kisukari: kupima kingamwili si kutupa fedha

Dada uliyeuliza kutoka Njiro, pole sana kwa kuuguliwa. Umesema mwanao wa miaka 16 ameambiwa ana kisukari aina ya pili, kisha daktari akataka damu yake ipimwe kingamwili, yaani protini zinazotengenezwa na kinga ya mwili, nawe huoni sababu ya kulipia kipimo cha ugonjwa ambao jina lake limekwisha kutajwa. Ninakujibu kama mzazi wa hapa Moshi niliyepitia jambo hilo, wala mimi si daktari.

Binti yangu alikuwa na miaka 15, mnene, ngozi ya shingo imekuwa nyeusi kwa nyuma, na bibi yake wa Kibosho anaugua kisukari cha ukubwani. Kwa kuyatazama hayo alihesabiwa kuwa na aina ya pili, akaandikiwa metformini, vidonge vya kushusha sukari, nasi tukampunguzia ndizi na kuondoa soda nyumbani. Sukari ilishuka kwa miezi michache, halafu ikapanda tena ingawa dawa alikuwa anameza. Akakonda, ndugu wakampongeza, na mimi nikafurahi pamoja nao. Furaha ile inaniuma hadi leo. Usiku mmoja alitapika mfululizo, akawa anahema kwa nguvu, na pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hospitalini mkojo wake ulikutwa na ketoni nyingi, yaani mabaki ya mafuta ambayo mwili huyachoma unapokosa insulini, akawekewa maji na insulini. Baada ya hapo ndipo sampuli ilipopelekwa Dar es Salaam, na majibu yakaonyesha kingamwili za GAD, mojawapo ya aina zinazopimwa.

Kingamwili hizo ni dalili kwamba kinga ya mwili imezigeukia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, kama inavyokuwa katika kisukari aina ya kwanza. Unene hauizuii kinga kufanya hivyo, na hapo ndipo macho yanapodanganyika. Huko Marekani, watafiti wa mradi uitwao TODAY waliwapima vijana wa miaka 10 hadi 17 ambao madaktari wao walikwisha kuamua kuwa wana aina ya pili, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa karibu kijana mmoja kati ya 10 alikuwa na kingamwili za GAD, za IA-2 ambazo ni aina nyingine, au zote mbili. Kwa kumtazama kijana peke yake haikuwezekana kujua ni yupi. Mwenye kingamwili huelekea kuishiwa insulini yake mapema zaidi, kwa hiyo anayejua hilo humfuatilia kwa karibu na hachelewi kumwanzishia sindano.

Lakini naomba usiyachukue majibu ya "hakuna kingamwili" kuwa ruhusa ya kutulia. Utafiti wa YODA, uliofanyika Kameruni, Uganda na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2025, uliwakuta takriban theluthi mbili ya vijana waliokuwa wakitibiwa kama wenye aina ya kwanza hawana kingamwili zilizopimwa, ilhali wanahitaji insulini. Ndiyo maana mimi ningeuliza pia kuhusu kipimo cha si-peptaidi. Kongosho hutoa si-peptaidi kila linapotoa insulini, na insulini ya sindano haina kitu hicho, hivyo kipimo huonyesha ni kiasi gani mwili wenyewe bado unatengeneza hata kwa mtu anayejichoma. Daktari ndiye apange siku yake, kwa sababu sukari ikiwa juu sana kongosho hulemewa na majibu huweza kuonekana ya chini kuliko hali halisi.

Metformini asiiache kwa ushauri wa mtu yeyote wa mtandaoni, nikiwemo mimi. Sisi majibu yalituchukua majuma matatu, na kungoja huko ndiko kunakotisha. Nunua vijiti vya kupimia ketoni kwenye mkojo uviweke ndani. Sukari ikipanda na isiposhuka, mpime ketoni, na akianza kutapika au kuhema kwa nguvu mpeleke hospitali usiku huo huo, bila kungojea kupambazuke.