Lebo yenye chipu kwenye suruali mpya

Ndugu, unahofia lebo yenye chipu uliyoikuta kwenye suruali yako mpya, lakini haiwezi kukufuatilia mpaka nyumbani. Haina betri wala GPS. Inaamka tu ikipigwa na mawimbi ya mashine ya kuisoma, tena kwa umbali wa mita chache. Imulike kwenye mwanga uone: utepe mwembamba wa metali uliojikunjakunja, katikati kitone cheusi kidogo kuliko punje ya mtama.

Shida ni namba ya pekee iliyomo ndani ya chipu, ambayo mashine huisoma: haibadiliki. Mwenye mashine mlangoni mwa duka anaweza kujua suruali ileile imerudi, na kama ulilipa kwa kadi, jina lako hilo hapo. Mwaka 2003 Benetton, kampuni ya nguo ya Italia, waliposemekana wataweka chipu hizi kwenye nguo, watetezi wa faragha Marekani waliitisha mgomo wa kuwasusia. Mimi huikata kwa mkasi nikishajua nguo siirudishi.