Maswali ya Wasomaji: Vyama vya Wapenzi wa Vichekesho vya Zamani

SWALI: Ndugu Mhariri, kila jioni baada ya kazi huzitazama peke yangu filamu za Stan Laurel na Oliver Hardy, wachekeshaji wawili wa zamani wa Hollywood. Siku hizi nimeanza kuona kasoro: mmoja akishaanguka au kumwagiwa maji, Hardy huikodolea macho kamera kwa muda mrefu bila kusema neno, na filamu huonekana imezubaa. Rafiki yangu amenialika katika chama cha mashabiki wao. Je, huko nitapata nini nisichoweza kukipata nyumbani?

JIBU: Ndugu msomaji, hicho unachokiita kasoro ndicho kinachonifanya nikushauri uukubali mwaliko huo bila kusitasita. Filamu zao zilitengenezwa kwa ajili ya kumbi zilizojaa watu. Katika studio ya Hal Roach, mtayarishaji wa filamu zao, filamu ilionyeshwa kwanza kwa majaribio mbele ya watazamaji wa kawaida, na watengenezaji wakasikiliza kicheko kilianzia wapi na kilidumu kwa muda gani. Kisha walirudi katika chumba cha uhariri, wakakirefusha au kukifupisha kile kimya, ili kichekesho kinachofuata kisimezwe na kelele za watu ambao bado wanakicheka kilichotangulia. Kimya kinachokuudhi, kwa hiyo, ni nafasi ya kicheko chako na cha wenzako. Ukiwa peke yako nafasi hiyo hubaki tupu, lakini katika mkutano wa chama, ambako watu hamsini wanacheka kwa pamoja, utaona jinsi yale macho ya Hardy yanavyozidi kukichochea kicheko badala ya kukizima.

Chama kinachojulikana zaidi ni Sons of the Desert (yaani Wana wa Jangwa), kilichoanzishwa mjini New York mwaka 1965 chini ya uongozi wa John McCabe, mwandishi wa wasifu wa wachekeshaji hao. Jina lake limetokana na filamu yao ya mwaka 1933, ambamo wawili hao wanawadanganya wake zao kwamba Hardy ni mgonjwa na anahitaji safari ya baharini, kumbe wanakwenda Chicago kwenye mkutano wa chama chao. Laurel aliisoma rasimu ya katiba kabla ya kufariki dunia mwezi Februari mwaka huohuo, naye akapendekeza kwamba chama kiwe na heshima ya nusunusu tu. Katiba hiyo inatamka wazi kwamba viongozi hawatakuwa na mamlaka yoyote. Matawi huitwa mahema, na kila hema huchukua jina la filamu mojawapo ya wawili hao.

Jambo linalonigusa zaidi ni desturi ya kuinua bilauri kuwakumbuka si Laurel na Hardy pekee, bali pia James Finlayson, Mae Busch na Charlie Hall, waigizaji wa pembeni ambao watazamaji wengi huzifahamu sura zao bila kuyajua majina yao. Humo utakutana na watu wanaoweza kukueleza ni nani aliyefungua mlango katika onyesho la sekunde kumi, nawe utashangaa kugundua kwamba ulitamani kulijua jambo hilo. Utawasikia pia wakizungumzia filamu zilizopotea: sehemu ya pili ya The Battle of the Century ya mwaka 1927, yenye vita maarufu vya kurushiana pai, ilidhaniwa kuwa imetoweka isipokuwa vipande vichache, hadi nakala yake ilipotangazwa kupatikana mwaka 2015 katika mkusanyiko wa mtu binafsi. Hats Off, ya mwaka huohuo wa 1927, bado inatafutwa.

SWALI: Mimi napendelea filamu bubu za mchekeshaji Buster Keaton. Je, mashabiki wake nao wana chama?

JIBU: Wanacho tangu mwaka 1992, nao hujiita Damfinos, jina la mashua iliyomo katika filamu yake ya mwaka 1921. Hukutana Muskegon, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, kando ya ziwa ambako Keaton alipitisha majira ya joto ya utoto wake pamoja na familia za wasanii wa jukwaani. Huko filamu huonyeshwa ukumbini kwa muziki unaopigwa papo hapo, na kwa filamu bubu sijui namna bora kuliko hiyo.