Dumu la mafuta ndilo lilinionyesha nanenepea wapi

Mwenzenu mwaka jana nilikuwa na kilo 91, magoti yanauma nikipanda ngazi za kazini, na kabla hujaniuliza, ndiyo, nilishanunua zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mtandaoni, nikaharisha siku nne na wiki iliyofuata kilo zikarudi zote. Kwa hiyo hapa sikuuzii kitu, nakuelezea tu nilichofanya jikoni kwangu hapa Tabata mpaka nikafika kilo 78, na imechukua miezi 11.

Nilianza na mafuta. Siku moja naandika matumizi ya nyumbani nikagundua dumu la lita 5 linaisha kwa wiki 3, na sisi tuko watu 5. Nikapiga hesabu, ni kama vijiko 3 vya chakula kwa kila mtu kila siku, na kijiko kimoja kina kalori kama 120 hivi, iwe alizeti, mawese au ya nazi, zote ni zilezile. Yaani karibu kalori 400 kwa siku zilikuwa za mafuta peke yake, ugali bado sijaugusa!

Shida ilikuwa kumimina. Ukimimina kutoka kwenye dumu huwezi kujua umeweka kiasi gani. Nikalipeleka dumu stoo, jikoni kikabaki kichupa na kijiko, mboga ya watu 5 inaingia vijiko viwili, basi. Kitunguu kikianza kushika chini siongezi mafuta, natia maji kidogo, halafu nyanya nyingi na chumvi, nafunika, nyanya inatoa maji yake yenyewe na mchicha unaingia mwishoni kabisa dakika chache tu. Dagaa nilikuwa nawakaanga mpaka wakauke, siku hizi nawaosha kwa maji ya moto nawapika na nyanya, bilinganya na ndimu. Samaki ni chukuchuku. Nazi sijaacha, mimi mtu wa Tanga siwezi, ila wali napikia tui la pili na ni mara moja kwa wiki.

Mama mkwe alipokuja kututembelea akaniambia mwanangu, hii mboga ni ya mgonjwa. Sikubishana naye, nikamwambia mama onja kwanza, nikamuongezea ndimu na pilipili, akala. Lakini maneno ya watu yatakuja, jiandae. Nilivyofika kilo 83 jirani aliniuliza kama ndoa inanitesa, wifi akaniuliza kama nimepima, na ukweli iliniuma sana maana kwetu mtu akipungua watu wanafikiria matatizo tu. Nilikuwa najibu nimebadilisha mapishi, naishia hapo.

Sahani nayo niliigeuza. Zamani ugali ulijaa na mboga inakaa pembeni, sasa mboga za majani nusu sahani, maharage au samaki robo, ugali wa dona robo, ukubwa wa ngumi yangu. Wiki mbili za kwanza njaa ilikuwa inanikamata saa kumi jioni na hapo ndipo nilikuwa naponzwa na chipsi za kituoni nikishuka kwenye daladala. Nikaanza kubeba mayai mawili ya kuchemsha au maharage kwenye kikopo, nala kabla sijatoka kazini, nafika nyumbani nina akili yangu.

Sukari nilikuwa naweka vijiko vidogo 3 kwenye chai na nakunywa vikombe 3, hivyo ni vijiko 9 wakati Shirika la Afya Duniani linashauri ikiwezekana mtu asizidi vijiko 6 hivi kwa siku, gramu 25, na humo wanahesabu soda na juisi pia. Nilipunguza nusu kijiko kila wiki, nikaongeza tangawizi na hiliki. Usiache ghafla, utashindwa siku ya tatu.

Ila kama una kisukari na unatumia dawa au sindano, tafadhali ongea na daktari wako kabla hujapunguza ugali, sukari inaweza kushuka vibaya ukaanguka.

Chapati tunapika Jumapili, nasukuma nyembamba na mafuta napaka kwa kijiko, kila mtu mbili. Na dumu la lita 5 sasa hivi linatufikisha wiki 7.