Ukijiandaa na Cloud Practitioner, anza na mpaka wa majukumu

Ukiniuliza uanzie wapi kusomea mtihani wa AWS Cloud Practitioner (cheti cha kuanzia cha AWS, huduma ya Amazon ya kukodisha seva na hifadhi mtandaoni), sitakupa orodha ya huduma. Orodha hiyo ni ndefu na haiishi kurefuka. Anza na mgawanyo wa majukumu: lipi ni la AWS, lipi ni la mteja. Usalama peke yake una asilimia 30 ya maswali yanayohesabiwa.

Kanuni ni fupi. AWS inalinda majengo, seva na mtandao wake. Mteja analinda anachoweka humo. Lakini mtihani hupenda kukupima mpaka uko wapi, na mpaka wenyewe huhama. Ukisimika hifadhidata kwenye EC2 (seva pepe unayokodi), masasisho ya mfumo endeshi ni juu yako. Ihamishie RDS (huduma ya hifadhidata inayosimamiwa na AWS), kazi hiyo inachukuliwa na AWS. Kwenye Lambda ndiyo kabisa, seva huigusi; unaleta msimbo wako tu. Kote huko, data yako na ruhusa za kuifikia hubaki mikononi mwako.

Mimi nilichora jedwali la huduma hizo tatu, nikawa naongeza nyingine kila nilipokutana nayo. Lilinifaa kuliko video zote nilizotazama.

Bei ni asilimia 12 tu, lakini hizo ni alama za kuokota. Kwa Reserved Instances unajifunga kukodi seva kwa mwaka 1 au 3 ili upate punguzo. Spot, yaani seva za AWS zisizotumika kwa sasa, hushuka hadi asilimia 90 chini ya bei ya kawaida, ila AWS ikiihitaji seva yake inakupa taarifa ya dakika 2 na kuichukua. Ukiona kazi "inaweza kukatizwa bila madhara", fikiria Spot kwanza.

Usichanganye CloudWatch na CloudTrail. Ya kwanza hufuatilia hali ya mifumo. Ya pili huweka kumbukumbu ya nani alifanya nini kwenye akaunti. (Waliochagua majina hayo hawakutuhurumia.)

Fungua akaunti ujaribu mwenyewe, ila kabla ya yote washa uthibitishaji wa hatua mbili kwa mtumiaji mkuu na uweke tahadhari ya bajeti.

Mtihani una maswali 65 kwa dakika 90, na unafaulu kwa alama 700 kati ya 1,000. Maswali 15 hayahesabiwi, na huambiwi ni yapi. Kukosea hakupunguzi alama, kwa hiyo likikushinda chagua jibu lolote, liwekee alama ya kulirudia, usonge mbele.