Afisa uhusiano ajifunze nini kwenye gemu? Asome maelezo ya sasisho

Mkuu, umeuliza kama afisa uhusiano ambaye hajawahi kushika pedi ya kuchezea ana cha kujifunza kwenye gemu. Mimi nina miaka kumi na minne kwenye kazi hii, na gemu nacheza tangu shuleni. Anza kwa kusoma maelezo ya sasisho.

Gemu ikifanyiwa marekebisho, watengenezaji hutoa orodha: hiki kilikuwa kinakwama, tumekirekebisha, silaha hii ilikuwa kali mno, tumeipunguza nguvu, tatizo lile tunalijua, bado halijaisha. Wachezaji huisoma neno kwa neno, kisha wanaingia ndani kuhakiki. Ukisema mlango umetengemaa nao bado unagoma, video itakuwa mtandaoni kabla hujamaliza chai. Sijaona wasomaji wengine wanaomkagua msemaji kwa ukali ule, na ndiyo maana nawapenda.

Chukua Novemba 2017. Mchezaji mmoja wa gemu ya Star Wars Battlefront II alilalamika kwenye jukwaa la Reddit kwamba amelipa dola 80 na bado mhusika maarufu, Darth Vader, amefungiwa asichezwe. EA, kampuni iliyotoa gemu hiyo, wakamjibu kwamba nia yao ni mchezaji ajisikie fahari akimfungua kwa juhudi zake. Jibu lile lilipigiwa kura za kupinga zaidi ya 600,000. Mtu kauliza habari ya pesa yake, wewe unamweleza ajisikieje! Kabla gemu haijatoka rasmi, EA walikuwa wameshasimamisha ununuzi wa ndani ya gemu kwa pesa halisi.

La Sony la 2011 linaniuma zaidi. Walizima mtandao wa PlayStation tarehe 20 Aprili baada ya kudukuliwa. Wenye akaunti, takribani milioni 77, waliambiwa tarehe 26 kwamba taarifa zao binafsi zimeingia mikononi mwa wadukuzi. Siku sita hizo mtu angeweza kubadili nywila kwingine alikotumia ileile. Naelewa uchunguzi huchukua muda, nimekaa kwenye vyumba vya aina hiyo. Ila tahadhari haihitaji uchunguzi ukamilike.

Kuna watakaokutajia gemu ya No Man's Sky: ilitoka Agosti 2016 ikiwa pungufu ya yaliyoahidiwa, watengenezaji wake, Hello Games, wakanyamaza, na leo inasifiwa. Ni kweli. Lakini Novemba mwaka uleule walitoa sasisho kubwa la bure, wakaendelea kutoa mengine, na 2018 likaja la kucheza pamoja ambalo watu walilidai tangu mwanzo. Kazi ndiyo iliyowasemea. Sisi wengi tunaiga ule ukimya tu.

Sasa langu. Ijumaa moja jioni mfumo wa malipo wa kampuni niliyokuwa naifanyia kazi ulianza kukata wateja mara mbili. Vidole vyangu vikaandika vyenyewe: "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Wataalamu wetu wanalishughulikia suala hili." Nikaisoma kama mchezaji. Usumbufu wowote? Mama wa watu amekatwa ada ya mtoto mara mbili! Nikafuta. Nikaenda kukaa kando ya mhandisi wa zamu, nikamuuliza limeanza saa ngapi, limegusa nini, na nini hakijulikani. Tukatoa hii:

"Tangu saa 1:40 jioni, baadhi ya malipo yanakatwa mara mbili. Tumesimamisha malipo mapya. Kilichozidi kitarudishwa chote. Bado hatujui ni lini. Tutawaandikia tena hapa saa 4:00 usiku."

Bosi alitaka "bado hatujui" itoke. Alisema inatuonyesha dhaifu. Tulivutana dakika ishirini nzima, simu zikiita, mpaka yule mhandisi akasema kwa upole, "Lakini bosi, ni kweli hatujui." Ikabaki. Saa 4:00 kamili tukaandika tena, ingawa jipya lilikuwa moja tu: tumeshapata orodha ya waliokatwa.

Hasira hazikuisha usiku ule, na wateja walikuwa na haki nazo. Ila nilikuwa napitia ujumbe mmoja mmoja kwa mkono, nikaona maswali yanageuka. Saa mbili watu walikuwa wanaandika "mmeniibia". Baada ya tangazo la saa nne wengi walikuwa wanatuma namba ya muamala na kuuliza, "Na mimi nimo kwenye orodha?"